Ukuta wa Mashoto

Vumbi ndilo lililonipokea. Lilikuwa limesimama katikati ya wodi, ndani ya mwanga wa dirisha lisilo na kioo, likipanda, likishuka, kama watu wasio na haraka ya kufika. Nikaweka begi chini. Nikasema moyoni: hapa pana kazi, na penye kazi mimi si mgeni.

Uliniita, mdogo wangu, nikaja.

Uliniita kwa sauti ile ya utotoni, sauti ya kuomba kubebwa. "Kaka, kina mama wanalala sakafuni na vichanga vyao. Wodi mpya ya hospitali ninayoisimamia imekwama. Fundi wa lipu hakuna, tumetafuta hadi tumechoka. Njoo ujitolee mwaka mmoja tu." Mke wangu akanikunjia nguo, akasema nenda, mtoto wa mama yako hawezi kukuita bure. Mimi shule niliiacha mapema, mwiko ndio ulionilea. Nikaona fahari, kwamba hata mwiko una sadaka yake.

Mji haukunijua, nami sikuujua. Chumba ulichonipatia kilikuwa na kitanda, msumari mmoja ukutani, na dirisha linalotazama ukuta wa nyumba nyingine. Nikajifunza polepole. Kwamba bomba hukohoa kwanza ndipo litoe maji. Kwamba mlango hauvutwi, unainuliwa. Kwamba barabarani ukimsalimia mtu, anageuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa.

Waliogeuka kwangu walikuwa wa mlango unaotazamana na wangu: bwana mmoja aliyeitwa Mashoto, kwa kuwa hata chumvi huitia kwa mkono wa kushoto, na mkewe, mwanamke mwenye mdomo. Bwana yule alikuwa anashinda nyumbani. Kazi yake sikumuuliza. Mwanamume anayeshinda nyumbani, swali hilo ni kumchoma kidonda.

Mkewe ndiye aliyeniuliza mimi. Nikamwambia nipo hospitalini, najitolea.

"Kujitolea!" akacheka. "Sema kweli, shemeji. Mkeo alikubali, au alikufukuza ukatafuta jina zuri?"

"Mwache mwenzio apumzike," Mashoto akasema, huku anacheka yeye zaidi.

Nilikuwa naoga kazini, narudi na nguo safi. Hakuna aliyeuliza najitolea kazi gani. Jioni zikawa na watu, na mji ukaanza kunikaa mwilini kama shati lililofuliwa mara mbili tatu.

Lakini ukuta, mdogo wangu. Ule ukuta.

Niliukuta nusu yake umeshapigwa lipu. Ukaniambia, "Wanafunzi wa ufundi walijaribujaribu, kaka, usiwajali." Nikaupapasa. Ulikuwa umenyooka kama neno la mtu mkweli. Na pale lipu ilipoishia, ukingo ulikuwa umekatwa meno, meno madogo ya msumeno, juu hadi chini, ili lipu ya siku ya pili ipate mahali pa kuuma. Mwanafunzi hakati meno. Mwanafunzi huacha inapoishia. Anayekata meno ni mtu anayejua kwamba kesho anarudi.

Niliona. Nikajiambia sikuona. Ulikuwa umeniita kaka, na neno hilo lilinifumba macho vizuri kuliko usingizi.

Nikaanzia palepale. Lipu yangu ikauma meno ya mtu nisiyemjua, ikashika, na kiungo hakikuonekana. Nikajisifu.

Kisha siku moja ukuta wa bafu letu la pamoja ulimomonyoka, na Mashoto akatoa mwiko chini ya kitanda. Alitupa lipu kwa mkono wake wa kushoto, pa, pa, pa, bila tone kudondoka, nami nikasimama mlangoni na taulo begani. Saruji ikamwishia kabla ya ukuta kwisha. Akageuza mwiko. Akakata meno. Madogo, ya msumeno, juu hadi chini.

"Mara ya mwisho ulipiga wapi?" nikamuuliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Wodi ya wazazi, hukohuko unakojitolea. Nilifika nusu ya ukuta. Wakaniambia pumzika kidogo, tutakuita." Akafuta mwiko kwa kidole. "Nasikia wamepata mtu wa bure."

"Mtu wa bure!" mkewe akadakia akiwa jikoni. "Na huyo mtu wa bure anakula nini, saruji? Mungu anionyeshe sura yake, basi, niione tu."

Alikuwa anaiona. Alikuwa amenitengea na chai.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, hawakusema kwamba kinakuita kaka.

Kesho yake niliacha mwiko katikati ya kazi, nikaja ofisini kwako na hasira, nikakukuta na kiyoyozi. Nikakuuliza. Hukukana. Laiti ungekana, ningejua bado unaniogopa.

"Kaka, ningekwambia ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi."

Basi! Kama mtu anayefunga mfuko wa saruji. Nikakuomba, mimi niliyekubeba mgongoni: mrudishe mwenye ukuta wake, mimi nitamchanganyia, nitamsogezea ndoo, kina mama watapata wodi yao. Ukatabasamu. "Ukichoka sema tu, kaka. Wanaotaka kujitolea ni wengi."

Nilikuwa nadhani umeniita kwa sababu ni mimi. Kumbe uliita mwiko, na mwiko ukaja na mtu.

Sikurudi wodini. Nilikwenda nyumbani mchana, na nguo za kazi, saruji hadi kwenye nyusi. Ningeweza kufunga begi nikaondoka, asingejua kamwe. Nikagonga mlango wa Mashoto.

"Karibu, jirani, mbona mapema?" Akafungua wazi. Nyuma yake dirisha lilikuwa limejaa jua.

"Mtu wa bure ni mimi," nikasema. "Sikujua. Lakini ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatuni. Mkewe akaja hadi begani mwake, akaiona sura aliyoiomba. Mashoto hakutukana. Aliurudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba alimolala mtoto, na mwanga ukapungua, ukawa kamba, ukawa uzi.

Halafu giza la ukumbi. Vumbi sikuliona tena, likipanda wala likishuka. Nilimeza mate, nikalikuta kooni.