Skrini ya Wawira

Kaberia ndiye aliyeilea kompyuta kuu ya benki ya wakulima pale Meru, tangu ilipokuwa ikijaza chumba kizima. Mkulima akiomba pesa zake tawi la Embu, ombi lilisafiri kama ujumbe hadi Meru, likangoja kwenye foleni mpaka kompyuta ilipojibu. Kaberia aliiagiza mashine ikusanye takwimu za foleni hizo kila dakika: jumbe ngapi zimefika, ngapi zinangoja, na zimengoja kwa muda gani. Asubuhi alizisoma huku akinywa chai. Hakuna mwingine aliyezitaka.

Kisha akaajiriwa Wawira, binti kutoka Manyatta, akawekwa tawi la Embu. Kaberia alimfundisha kwa simu, kwa subira, hata akazoea kuitwa mwalimu. Haukupita muda Wawira akaunda skrini iliyochota takwimu zile zile na kuzigeuza rangi: kijani kukiwa shwari, nyekundu foleni ikijaa. Lenah, meneja wao, akaitundika ukutani Meru, na kila mgeni akapelekwa kuiona.

"Hii ni kazi ya Wawira wetu," Lenah aliwaambia wageni siku moja Wawira alipokuwa Meru.

"Takwimu ni za mwalimu, Madam," Wawira akajibu akicheka. "Mimi nimezipaka rangi tu."

Wageni wakacheka naye. Hakuna aliyegeuka kumtazama Kaberia. Shukrani ile ilimchoma kuliko kama Wawira angenyamaza.

"Mtu anachota maji kisimani kwangu," alimwambia mkewe, Makandi, jioni ile, "halafu unasifiwa mtungi wake."

"Kwani kisima kimekauka?" Makandi akauliza, akiendelea kumenya ndizi.

Wiki iliyofuata Kaberia akabadilisha agizo. Takwimu zikawa zinakusanywa kila baada ya saa moja. Alijiambia kuwa anaipunguzia mashine mzigo, lakini hakumwambia mtu.

Siku ya soko Embu, programu iliyojibu maombi ya tawi lile ikakwama. Kaberia aliiona foleni ikipanda kwenye mashine yenyewe. Akainua macho ukutani. Skrini ya Wawira ilikuwa kijani kabisa, ikionyesha hali ya saa iliyopita. Angeweza kuiamsha programu kwa amri moja. Badala yake aliegemea kiti, akahisi utamu fulani kifuani, akangoja.

Simu ikalia.

"Mwalimu, watu wamejaa hadi mlangoni na mimi naona kijani tu! Niwaambie nini?"

"Skrini ni yako. Iulize."

Nyuma ya Wawira, Kaberia akasikia kwenye simu sauti ya mwanamume: "Dada, bibi yangu ako kwa gari hapo nje, ni mgonjwa. Tumetoka huko chini Mbeere. Hospitali wanataka pesa kwanza."

Utamu ule ukamtoka. Kaberia akaandika amri, programu ikaamka, foleni ikaanza kushuka.

"Jaribu sasa," akasema, akakata simu.

Kesho yake Wawira alifika Meru mapema. Hakuketi.

"Mwalimu, ni wewe uliifanya iwe saa moja?"

"Ni mimi."

"Na foleni ulikuwa unaiona?"

Angeweza kukana. "Niliiona."

"Jana nimetukanwa na watu wazima, nikakosa la kujibu." Akamkazia macho. "Si ungenichukia mimi? Wale watu walikukosea nini?"

Lenah alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupaza sauti. Alisema tu kuwa kuanzia siku ile ukusanyaji wa takwimu uko mikononi mwa Wawira, na Kaberia amwonyeshe kila kitu.

Kaberia aliomba msamaha. Wawira aliitikia kwa kichwa, akavuta kiti.

Walifanya kazi mpaka mchana, wakiongea machache. Mara Wawira akauliza, "Mbona tunahifadhi wastani wa muda wa kungoja peke yake? Aliyengoja muda mrefu kuliko wote haonekani."

Kaberia alilitafutia swali lile kasoro, akaikosa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliuliza.

"Ongeza," akasema.

Wawira akaanza kuandika. Kaberia akavitazama vidole vyake vikikimbia kwenye kibodi, akatamani vikosee hata herufi moja. Havikukosea.