Kichuguu cha Nyuma ya Ghala

Mimba yangu ya kwanza ilipoanza kuchezacheza, nilianza kusikia harufu ya udongo hata mahali pasipo na udongo. Nikinawa uso naisikia. Nikifunua sufuria naisikia. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikashindwa kuitikia salamu, na mama mkwe wangu akaniona, akacheka.

"Mtoto anadai," alisema. "Ngoja nikamletee cha kwake."

Kwetu Chanzuru mwenye mimba hali udongo wowote tu. Anakula wa kichuguu, maana mchwa wameshauchekecha na kuutoa chini kusikofika uchafu. Vichuguu viko vingi, lakini wanawake walikuwa na kimoja wanachokisifia kuliko vyote, kile kilichosimama nyuma ya ghala la pamba. Kirefu kuliko mtu, cheupe kidogo, udongo wake unameguka kama biskuti, na hukuti mchwa hata mmoja wa kukukera kati ya meno.

Ghala lilikuwa la ushirika. Nilipokuwa darasa la tano malori yalipanga foleni pale. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao mpaka shambani, ushirika ukafa, na ghala likafungwa na vyote vilivyokuwa ndani. Ufunguo hakuna aliyejua uko kwa nani. Mume wangu Rafaeli aliachana na pamba kama vijana wenzake, akaenda Mikumi kuchoma nyama kwenye hoteli wanaposhukia abiria wa mabasi. Kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mimi, mama mkwe, na binti yake Teresia, wifi yangu.

Teresia alijifungua mwaka uliotangulia, na mtoto hakulia. Mumewe akamrudisha kwao. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa mlangoni, uso ameuelekeza kule ghalani.

Mama akarudi na donge kwenye ncha ya kanga. Mkwe hakatai anacholetewa na mama mkwe kwa mkono wake. Nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili, nikala akiniangalia. Sisemi uongo, ulikuwa mtamu. Ulinukia mvua inapogusa vumbi, na nyuma ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya mbali, kama ya chumba kilichofungwa siku nyingi.

Mtoto alikuwa akirukaruka tumboni. Nilipomeza, akatulia.

"Umeona?" Mama alifurahi, kiganja chake kiko juu ya tumbo langu. "Ameshiba huyo."

Utulivu ule haukuwa wa shibe. Alitulia kama mtu aliyesikia hatua za mgeni nje ya mlango.

Nilipokwenda kliniki Kilosa, nesi Joha alituweka kwenye benchi akatusomea yale ya kila siku. "Sigara, pombe, dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, vidonge vya dukani ambavyo hukuandikiwa, dawa za kunyunyizia shambani, msiguse. Unachokula wewe anakula na yeye. Na udongo, jamani, acheni udongo!"

Tukaangua kicheko, maana nusu yetu tulikuwa na donge kwenye kanga.

"Nesi, we' umezaa kweli?" akauliza mmoja.

"Wanne."

"Na hukula?"

"Nilikula. Nikapata minyoo, damu ikaniisha, nikabebwa kwenye machela hapahapa mnapopaona. Haya, cheka tena."

Hakucheka mtu. Lakini njiani kurudi nilisikia wenzangu wakitafuna.

Alasiri moja nilikwenda mwenyewe kukiangalia kile kichuguu. Nilimkuta Teresia kule. Amekikaribia kama anayenong'onezana nacho, vidole vyake vinne amevizamisha kwenye mifereji iliyochimbwa udongoni.

"Wifi, njoo uone," alisema bila kugeuka. "Vidole vyangu hivi. Vya mwaka jana, nilipokuwa naye."

Vilienea sawasawa, kama mkono kwenye glavu.

"Na hivi hapa juu ni vya Miriamu wa kwa Yohana, kabla mimba yake haijatoka. Alikuwa mrefu, unakumbuka? Hivi vidogo ni vya yule binti wa mwisho wa mtaa. Vyote vipo. Kinatutunzia."

Nilikiangalia chote kwa zamu, juu mpaka chini. Kila mahali palikuwa na alama za kucha, za juu juu na za ndani, za watu wengi.

Shambani kwa baba yangu tulikuwa tukivunja vichuguu tukiwa wadogo, kwa utundu tu. Ukivunja jioni, asubuhi unakuta mchwa wameshaziba kwa udongo mbichi. Hawana subira, kidonda chao hawakiachi wazi. Hiki kilikuwa kimekaa na vidonda mwaka mzima.

Niliweka sikio. Kichuguu kizima ukikigonga kinafanya mchakacho ndani, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Nilikigonga. Kimya. Nikaangalia ukuta wa ghala, ambao jua lilikuwa likiuchoma vizuri, ukuta wa mijusi kabisa. Hapakuwa na mjusi. Hapakuwa na sisimizi, wala buibui kwenye kona. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu la kutolea maji, na kutoka tunduni ulishuka mchirizi mweupe uliokauka, ukafika mpaka kwenye tako la kichuguu, ukaishia humo.

Ndipo nikakumbuka kilichokuwa kikishushwa kwenye yale malori kabla ya pamba kupakiwa. Magunia na madebe ya dawa ya kuulia wadudu, yenye picha ya fuvu. Mwalimu alitukataza hata kusogelea. Paa lilikuwa linavuja sasa, na mvua ilikuwa ikiingia na kutoka ipendavyo.

"Teresia, tuondoke hapa."

"Nenda," alisema. "Mimi kinanijua."

Kumwambia mama ndiko kulikonishinda. Ningesema nini? Kwamba alichompa mwanawe kwa upendo kilikuwa sumu? Nilijaribu kwa pembeni. "Mama, ule udongo unanitia kichefuchefu."

"Kichefuchefu ni cha mimba, mwanangu. Ukimnyima atazaliwa anatokwa mate mpaka aoe."

Nikaanza kuficha. Napokea, naweka mdomoni, natafuna hewa, akigeuka natema. Madonge nikayafunga kwenye kanga kuukuu chini ya kitanda, nikitafuta siku ya kuyatupa mbali. Lakini hamu haikuisha. Furushi lile nililisikia likinukia chumba kizima. Mara nyingine nilijikuta nimepiga magoti sakafuni, mkono umeshafungua fundo, na sikumbuki kuamua. Hapo mtoto alikuwa akitulia kabla hata sijameza. Nilikuwa nalia, nafunga tena.

Masika yalipokolea, siafu wakaingia nyumbani. Ilikuwa mchana, tunapika. Walipita chini ya mlango kama kamba nyeusi inayovutwa, na sisi tukakimbilia jiko la nje.

"Waacheni wafagie," alisema Mama, miguu ameipandisha juu ya kigoda. "Hao ndio mafundi. Panya, mende, nyoka, hawaulizi kabila."

Walipokwisha kuondoka tuliingia. Nyumba ilikuwa safi mpaka inatisha. Mama akainama kufagia chini ya kitanda changu, akabaki ameinama.

"Hiki nini?"

Kanga yangu ilikuwa pale pale. Pembeni yake pande zote palikuwa na duara jeusi, nene kama bangili. Walikuwa siafu. Wamekufa, wamelaliana, na vichwa vyao vyote vimeelekea kwenye furushi.

Mama alifungua fundo kwa ncha ya fagio. Akayaona madonge yake.

"Kumbe hukuwa unakula," alisema polepole. "Nakuhangaikia, nawe unanifanya mjinga ndani ya nyumba yangu!"

"Nisamehe, Mama. Lakini waangalie hao. Siafu wanakula nyoka. Huu umewaua kwa kuugusa tu."

Alifungua kinywa kunijibu. Kabla hajasema, Teresia alizungumza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi.

"Mimi niliula wote, Mama. Kila ulioniletea."

Mama alikaa chini, pale pale katikati ya wale siafu. Aliinua mikono yake akaiangalia, mbele na nyuma. Hakulia. Alisema tu, "Kwa mikono hii," na hakumaliza.

Kesho yake alikata miba, akakizungushia kichuguu boma, akakaa mbele yake na fimbo. Wanawake walimcheka. "Bibi amegeuka mlinzi wa mchwa! Au unataka kula peke yako?"

"Mchwa hawamo," aliwajibu. "Kimekufa hiki. Yeyote atakayeruka miba yangu nitamchapa, awe na mimba, asiwe nayo."

Alilinda mpaka siku uchungu uliponishika. Ndipo akamwachia Teresia fimbo, akanisindikiza hospitali.

Mtoto alitoka, na chumba kikawa kimya. Nilimwona Mama ameshika ukingo wa kitanda, midomo inacheza. Nesi Joha alimgeuza mtoto, akamsugua mgongo, akamgeuza tena. Ule utulivu niliujua. Nilikuwa nimeubeba tumboni.

Kisha mtoto akalia. Mama akatoka nje kwenda kukaa peke yake chini ya dirisha.

Binti yangu anatembea sasa. Boma la miba bado lipo, Teresia hulirudishia likianguka, na kichuguu bado kimesimama na vidole vyetu. Mvua ya kwanza ya msimu huu ilitukuta njiani, karibu na ghala. Mate yakanijaa, kama zamani. Nikaongeza mwendo.

Mtoto akauvuta mkono wangu akasimama. Alikuwa ameinua pua, ameigeuzia kule nyuma ya ghala.

"Mama," alisema, "kitamu hicho nini?"

Nilimbeba, nikamziba pua kwa kanga, nikakimbia naye kwenye mvua mpaka nyumbani.