Siku za Pampu

Nyumbani kwa mzee Arvil Slone ilibidi kila mtu ajifunze kuruka. Mpira wa oksijeni wa kijani, wenye urefu wa mita kumi na tano, ulianzia kwenye mashine iliyonguruma pembeni mwa friji, ukazunguka miguu ya meza, ukaishia puani mwa mzee. Ukiukanyaga, mzee alikuwa anagonga meza mara moja kwa kijiko. Hakupoteza pumzi kukutukana, ingawa zamani, kabla mgodi haujamla mapafu, matusi yalikuwa moja ya starehe zake.

Binti yake, Tressa, alikuwa mtaalamu wa tiba ya upumuaji katika hospitali ndogo ya wilaya, mwendo wa dakika arobaini kutoka bondeni kwao, huko mashariki mwa Kentucky. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwatoa watu makohozi, akiwawekea mashine za kupumulia na kuwapima mapafu. Katika kupima mapafu hakuwa na mpinzani. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Unavuta pumzi mpaka ikomee, unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote, kisha unaendelea kupuliza hata pale unapoamini umekwisha. Hapo ndipo watu huachia, na mtu mwenye akili timamu lazima aachie. Kwa hiyo kazi ya mpimaji ni kusimama mbele ya mgonjwa na kumpigia kelele bila haya: "Bado, bado, bado! Toa yote! Usiachie!" Tressa, ambaye kanisani hata kuimba alikuwa anaimba kwa kunong'ona, alipiga kelele hizo mpaka zikasikika kwenye maegesho ya magari. Wachimbaji walimpachika jina la Bado-Bado.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamili, akisoma kwa mtandao kwenye meza ya jikoni baada ya zamu. Alitaka awe mwalimu, wilaya ipate wataalamu wake yenyewe, watu wasiwe wanaendesha gari kwa saa mbili kumfuata mtu anayejua kusikiliza kifua. Baba yake aliitaka shahada hiyo kwa sababu nyepesi zaidi. Alitaka kumwona mwanawe ndani ya joho. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la nane. Tai ya buluu alishanunua, ikawa inaning'inia mlangoni mwa chumba chake tangu Krismasi. Mahafali yalikuwa Mei. Daktari alikuwa amesema kiangazi huenda mzee asikione. Hesabu hiyo baba na binti waliijua wote wawili, na hakuna aliyeitamka.

Jumapili moja mwanzoni mwa Machi, baada ya kanisa, alikuja Delmer Pratt, aliyechimba makaa ya mawe pamoja na Arvil miaka ishirini na sita katika mgodi ulioitwa Namba Nne. Walikula maharage na mkate wa mahindi. Siku kumi na mbili baadaye Tressa alitakiwa kuitetea tasnifu yake mbele ya jopo la maprofesa, na alitaka kuifanyia mazoezi kwa sauti.

"Haya, Bado-Bado, tuhubirie," alisema Delmer. "Mchungaji leo kanilaza usingizi. Tuone wewe."

"Mzee Delmer, ukisinzia nakupima mapafu hapohapo."

"Bora uniue moja kwa moja, mama."

Tressa alicheka, akafungua kompyuta. Aliwaeleza kwamba amechukua wachimbaji sitini na wawili wa Namba Nne, akakusanya vipimo vyao vya mapafu kutoka hospitali. Halafu akatafuta rekodi za serikali za vumbi la mgodi ule. Hizo zilitokana na pampu ndogo ambazo wachimbaji walifungwa kifuani siku maalumu, zikawa zinavuta hewa zamu nzima, kisha kichujio cha kila pampu, kilichonasa vumbi, kinapelekwa kupimwa uzito. Mwaka hadi mwaka vumbi lilikuwa chini ya kiwango cha sheria. Mapafu ya watu yalikuwa yameharibika vibaya, lakini hewa waliyovuta, kwa mujibu wa pampu, ilikuwa safi. Profesa wake alifurahi mno, akasema hilo ni jambo jipya. Tressa akasoma hitimisho: "Kwa hiyo vumbi pekee haliwezi kueleza madhara haya. Sababu itafutwe katika uvutaji wa sigara na katika maumbile ya kurithi."

Delmer aliacha kutafuna. Alimtazama Arvil, na Arvil akatazama sahani.

"Sijawahi kuvuta," alisema Arvil. Maneno matatu au manne ndiyo yaliyomtosha pumzi moja. "Hata moja."

"Najua, baba. Mimi ninasema nambari zinavyosema."

"Lete ndoo yangu."

"Arvil," alisema Delmer, "wacha."

"Lete, mwanangu."

Ndoo ya chakula ya mchimbaji ilikuwa juu ya kabati, ya bati, ya mviringo, na kifuniko chake. Tressa aliishusha na kuifuta vumbi. Mzee akaweka kiganja juu yake.

"Pampu zilikaa humu," alisema. "Siku ya kupimwa tulizivua. Tukazitia humu, tukafunika. Ndoo yangu ndiyo kubwa."

Tressa alikaa chini polepole. "Mara ngapi?"

"Kila mara."

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Msimamizi alianza," alisema Delmer, kwa kuwa Arvil alikuwa ameishiwa pumzi. "Baadaye hakuwa na haja ya kusema. Vumbi likizidi, mkaguzi anafunga sehemu yenu. Ikifungwa, mnarudi nyumbani kukaa. Basi. Na wewe, Bado-Bado, utotoni ulikuwa unakula kama jeshi."

Ndiyo, walijifanyia wenyewe. Walizima kengele kwa mikono yao kisha wakaendelea kulala katika nyumba inayoungua. Aliyekulia mahali penye kazi za aina tatu anaweza kuwaita wapumbavu. Bondeni kwao kazi ilikuwa moja, nayo ilikuwa chini ya ardhi.

"Siamini," alisema Tressa. "Baba, haiwezekani kila mara. Miaka yote hiyo?"

"Unakumbuka keki?" aliuliza mzee.

Watoto wote wa wachimbaji wanaikumbuka keki. Baba hakumaliza chakula chake shimoni. Alibakiza kitu kitamu chini kabisa ndani ya ndoo, na mtoto alimkimbilia barazani kukitafuta kabla hajavua hata viatu. Tressa alipata keki ya chokoleti katika karatasi yake. Lakini zilikuwepo siku alizofungua kifuniko akakuta keki imebondeka, bapa kama soli ya kiatu, na alilia, na mama yake akamkaripia kwa kudeka.

"Siku za pampu," alisema Arvil. "Zilikuwa nzito."

Tressa alifunga kompyuta. Alikumbuka keki nyingi sana.

Delmer alipoondoka, mzee alimshika binti yake mkono. "Subiri Mei. Vaa joho. Kisha useme."

"Kwa nini umeniambia basi, baba? Ungenyamaza tu!"

"Sigara," alisema mzee, na machozi yakamlengalenga. "Umesema sigara."

Usiku na mchana wa siku mbili Tressa alizunguka na jambo hilo. Akinyamaza, baba atavaa tai yake, na karatasi yenye jina la Slone itawaambia mawakili wa migodi yote kwamba wanaume hawa walijiua kwa sigara na damu mbovu. Akisema, tasnifu imekwisha, na nyingine ni mwaka mzima. Mwaka haukuwepo. Alikasirika na baba yake kwa kudanganya, akakasirika naye kwa kuacha kudanganya, na hasira zote mbili zilimwacha palepale alipokuwa.

Jumanne alimpigia profesa. Dokta Whitacre alikuwa mwanamke mwema aliyeishi jimbo la mbali, na alikuwa hajawahi kuingia mgodini.

"Una ushahidi gani, Tressa?"

"Baba yangu. Ndiye mwenye ndoo."

"Hizi ni rekodi za serikali, mpenzi. Niletee maelezo ya watu watatu, wanne. Sauti iliyorekodiwa pia inafaa. Tutasogeza utetezi mpaka Desemba, uandike upya. Au utetee kama ilivyo. Hakuna atakayekulaumu."

"Sogeza," alisema Tressa, na mara tu aliposema alitamani kulirudisha neno.

Baba yake alipoambiwa hakugombana. Alitazama mlango wenye tai, akasema, "Desemba ni baridi," kana kwamba tatizo lilikuwa koti.

Delmer alikataa. Alikataa akiwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, kofia mkononi. "Mwanangu Lonnie yuko chini saa hizi ninavyosema nawe. Nikifungua mdomo, kesho yuko mtaani. Usiniombe, mama. Nakupenda kama wa kwangu, lakini usiniombe." Wachimbaji wengine wanne walisema hawajawahi kuona ndoo yoyote. Mmoja alifunga mlango kabla Tressa hajamaliza kusalimia.

Akabaki Arvil peke yake. Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, saa ambazo mzee huwa na nguvu kidogo, Tressa aliweka simu mezani, akawasha kurekodi, na kujiapiza kwamba atanyamaza amwache aseme.

Mzee alianza vizuri. Alitaja jina lake, mwaka alioanza, sehemu aliyofanyia kazi. Alieleza ndoo. Akaanza kutaja waliovua pampu pamoja naye, wale waliokwisha kufa, ambao hakuna wa kuwafukuza. "Hobert Sizemore. Ova Gayheart. Clell..." Hapo akakwama. Mabega yalipanda, midomo ikabadilika rangi, jina la pili la Clell likawa linamtoka kidogo kidogo.

Na Tressa, bila kufikiri, akafanya kile alichokifanya kwa miaka kumi na tisa kila alipoona mtu anataka kuachia. Alisogea mbele, akamkazia macho, akapiga kelele. "Bado, baba! Bado, bado! Usiachie! Toa! Toa yote!" Mzee akatoa. Alitoa majina kumi na moja, kila moja likivutwa kama gari lililozama kwenye tope, na binti yake akimsukuma kwa sauti mpaka la mwisho. Walipomaliza alimwongezea oksijeni na kumkumbatia. Wote wawili walikuwa na furaha kidogo, kama watu waliofanya kazi nzuri. Jioni hiyo aliituma sauti ile chuoni bila kuisikiliza. Asingeweza kuisikiliza.

Arvil alikufa wiki ya pili ya Aprili, saa nane mchana. Jirani ndiye aliyekuwa naye. Tressa alikuwa kazini, katika chumba cha vipimo, anamsimamia kijana wa miaka thelathini na minne ambaye mapafu yake yalikuwa ya mzee wa themanini. Walimzika baba na tai ya buluu. Delmer alisimama nyuma kabisa, hakumsogelea mtu.

Barua ya jopo ilikuja kwenye kompyuta mwanzoni mwa Mei. Ilikuwa ya adabu. Jopo lilishukuru kwa maelezo yenye kugusa moyo, lakini lilisikitika kwamba hayawezi kukubaliwa. Kuanzia dakika ya tatu, mhojaji anasikika akimpigia shahidi kelele na kumshurutisha ataje majina asiyoonekana kutaka kuyataja. Msikilizaji yeyote wa haki angetilia shaka. Jopo lilipendekeza mahojiano yarudiwe, safari hii mhojaji akae kimya, na shahidi apewe muda wote anaouhitaji.

Tressa alisoma mara mbili. Alitaka kuandika kwamba hivyo ndivyo wanavyopima, kwamba bila kelele hizo hakuna mtu duniani anayefika mwisho wa pumzi yake, kwamba wao ni walimu wa fani hii na wanapaswa kujua. Aliandika nusu, akafuta. La kuvunda halina ubani. Kisha, kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti cha baba yake na kuisikiliza sauti.

Walikuwa sahihi. Ni mwanamke anayemfokea mzee anayekufa. Anafoka bila huruma, hampi nafasi, na mzee anahema, anataja, anahema. Baada ya jina la kumi kuna kitu ambacho siku ile hakukisikia kabisa, kwa kuwa alikuwa amekifunika kwa kelele zake mwenyewe. Aliirudisha nyuma, akaweka simu sikioni. Katikati ya kelele, kwa sauti ndogo, baba yake alikuwa anauliza.

"Imetosha, mwanangu?"

"Bado, baba! Bado!"