Neno la Kufunga Mchezo

Kwa miaka arobaini Cuthbert Pettifer aliigiza watumishi na makarani kwenye majukwaa ya Uingereza, wala hakuwahi kupewa neno la kufunga mchezo. Mjini Leeds hatimaye alipewa. Mwiko wa waigizaji ulikataza kulitamka kabla watazamaji hawajaketi.

“Chunga mdomo, mzee wangu,” alimtania Dilys, mkumbushaji wa maneno. “Ukiviambia viti vitupu neno hilo, utakuwa umempa nani?”

Asubuhi ya mazoezi, uchu ulimshinda, akalitamka. Kule roshanini, kwenye viti vya juu vya ukumbi, pasipo na mtu, makofi yakalia taratibu.

Jioni ukumbi ulifurika. Mchezo ulipofika mwisho, Pettifer alifumbua kinywa, neno lisitoke. Sauti yake mwenyewe ikalisema kutoka roshanini. Watazamaji wote wakageuka, wakaishangilia, wamempa yeye mgongo.