Mjane Juu ya Paa

Asubuhi ya ufunguzi wa maonyesho, mzee Omwenga aliingia kwenye jumba la makumbusho mjini Kisii, akazipita picha zote bila kuzitazama, akasimama mbele ya moja. Mwanamke amechuchumaa juu ya paa, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Akamwambia Linet, msimamizi wa jumba, kwamba huyo ni mke wa marehemu kaka yake, na kwamba kwa Mgusii mwanamke hapandi paa. Picha itolewe, la sivyo ukoo mzima utasusia.

Linet akawageukia wenye picha, Machogu na dada yake Bochaberi, waliozunguka Nyamira yote na kamera zao kwa miaka arobaini. Machogu, mtu wa kupenda amani tangu utotoni, alisema picha moja kati ya themanini si kitu. Akanyoosha mkono aitungue.

"Usiiguse," Bochaberi akasema.

Aliikumbuka siku ile, kule Manga. Kwamboka, mjane huyo wa pichani, alikuwa amefiwa miezi mitatu tu. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati, watoto wanalala chini ya meza, na mashemeji wanasema hawana nafasi. Walitaka achoke, arudi kwao, awaachie shamba la majani chai. Hakurudi. Alipanda.

"Uliitwa mara tatu, Omwenga," Bochaberi alisema bila kupandisha sauti. "Aliyepaswa kuwa kwenye picha hii ni wewe."

Mzee akamuuliza yeye alijua nini, mpita njia aliyesimama chini na kamera yake.

"Itazame vizuri. Haikupigwa kutoka chini. Nilikuwa naye juu, nikimshikia bati."

Machogu naye aliitazama. Miaka yote alidhani dada yake aliipiga kutoka juu ya mparachichi. Akaushusha mkono, akamwambia Linet kwamba ikitoka hiyo zinatoka zote themanini, zake zikiwemo.

Picha ikabaki. Omwenga akaenda zake, na kweli, nusu ya viti vya wageni vilikaa vitupu.

Kwamboka alifika saa nane kwa boda boda. Mwandishi wa redio akamuuliza kama haoni aibu. Akajibu kwamba paa lile halijavuja hadi leo. Kisha akamgeukia Bochaberi na kumgombeza mbele ya watu: miaka thelathini na minane, na nakala yake hajaletewa.