Begi la Mfiwa

Mama alifariki alfajiri ya Jumatano, kwetu Zanzibar. Ndugu yangu Munir hakunipigia papo hapo. Alingoja mpaka ajue London nako kumekucha, maana anajua naishi peke yangu, na hakutaka niipokee habari ile kizani. Munir ana huruma za namna hiyo, huruma za kukuudhi. Mie ningetaka niamshwe.

"Dada," akasema, "mama hatunaye."

Nikamuuliza kama alikunywa uji. Ndilo lililonitoka. Munir akasema alikunywa kidogo jana usiku. Nikakaa chini pale pale jikoni, Woolwich, na yunifomu ya kazini nimeshaivaa. Nafanya kazi nyumba ya wazee. Nimeogesha mama za watu miaka na miaka, na wangu ndiyo huyo kaondoka nami nipo huku.

"Ami Abdulwakil anataka azikwe leo leo, alasiri," Munir akasema. "Nimemwomba mpaka nimemshika miguu. Amekubali kesho adhuhuri, na hapo hasubiriwi mtu tena. Utawahi?"

"Nitawahi. Na asimkoshe mtu mpaka nifike, unanisikia?"

"Basi njoo na begi la mkononi tu, dada. Ukisimama uwanjani kungoja mizigo, utatukuta tunarudi makaburini."

Alisema kweli. Kwetu mwanamke hendi makaburini. Kumuaga mama ni pale kitandani anapokoshwa: unamshika, unammwagia maji, unamvisha sanda, unambusu paji la uso, basi. Wanaume wakishanyanyua jeneza wewe umebaki mlangoni na kilio chako. Nikikosa kumkosha nitakuwa nimekosa kila kitu, na hilo nililijua tangu sijainuka sakafuni.

Nikampigia shoga yangu Siham. Nilimpigia mmoja, wakaja kumi na ushei. Habari ya msiba huku kwetu haihitaji redio. Kabla sijabadilisha nguo sebule imejaa, viatu mlangoni havina idadi, huyu anasoma Yasini, yule anachemsha chai, mwengine anafuta friji yangu ambayo wala haikuwa chafu. Nilinyanyuka nichukue begi juu ya kabati, wakanirudisha kitini kama mtoto. "We kaa. Mfiwa hafanyi kitu." Nilishika kikombe, nikanyang'anywa kikombe. Ndiyo desturi yetu, na mie mwenyewe nimewafanyia wengi hivyo hivyo: mwenye msiba anakaa, watu ndio wanaopika, wanaofua, wanaopokea simu, wanaomfungia begi.

Siham alinikatia tiketi kwenye simu yake. Kuondoka saa tisa mchana, kubadilisha ndege njiani, Zanzibar saa nne asubuhi. Kisha akavaa miwani, akaanza kutusomea sheria za mzigo wa mkononi kwa sauti ya mwalimu wa chuoni. Kilo saba. Mkasi hapana. Vitu vya majimaji viwe vidogo vidogo.

"Maji gani tena?" akauliza Bi Mardhiya.

Bi Mardhiya ndiye mkubwa wetu sisi wa Woolwich. Alitoka Unguja msichana, wakati ule wa watu kukimbia, akakaa huku miaka bila ruhusa ya kurudi, na mama yake akafia kule. Hakumkosha, hakumuona, hata siku yenyewe aliijua baadaye. Asubuhi ile alinikalisha pembeni akaniambia, "Wewe Mungu kakupa njia, mwanangu. Nenda ukamkoshe na kwa niaba yetu sisi tuliokosa."

"Maji yoyote, Bi Mardhiya," Siham akasema. "Mafuta, manukato, hata dawa ya meno."

"Loo! Hao wanamuogopa na mwenye kupiga mswaki?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha msibani cha kuziba mdomo na mtandio. Hata mie nilicheka. Siham alikuwa makini kweli. Chupa ya marashi ilitiwa ikatolewa, ikatiwa na mwengine kwa siri, ikatolewa tena. Mafuta ya nazi yakatolewa. Palipotokea ubishi kama achari ni maji au si maji, ikatolewa na achari. Begi likafungwa, likapimwa kwenye mizani ya bafuni, kilo sita na kidogo, wote wakasema alhamdulillahi. Mie nilikaa kitini nalitazama begi langu linafungwa na mikono ya watu, na moyo wangu uko kwenye kile kitanda.

Treni ya Elizabeth kutoka Woolwich inakufikisha uwanjani bila kushuka. Siham alinisindikiza mpaka pa mwisho anaporuhusiwa, akanikumbatia, akasema, "Msalimie." Akastuka mwenyewe kwa alilosema, akaondoka haraka analia.

Nilikuwa na wakati wa kutosha, na hilo bado linaniuma. Nilivua viatu, nikavua saa, begi likaingia kwenye mashine, nami nikapita upande wa pili nikalingoja. La mtu wa mbele yangu likatoka, la nyuma yangu likatoka. Langu likasukumwa kwenye njia ya pembeni, likajipanga nyuma ya mabegi mengine yaliyotiwa shaka.

Aliyelifungua alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cheusi kimefungwa safi, na kwenye kifua jina lake, Balwinder. Aliniuliza kwa Kiingereza kama begi ni langu. Nikasema langu. Akauliza kama nimelifunga mwenyewe.

Sasa nyinyi mnaosoma haya mtaniona mjinga. Semeni tu. Lakini mama yangu alikuwa kalala kwenye baridi ya hospitali akinisubiri, nami nimetia udhu tangu nyumbani, nasoma kimoyomoyo. Siku ile ulimi wangu haukuwa na uwezo wa kudanganya mtu. Nikasema hapana, sikulifunga mie.

Akasita, mkono juu ya zipu. Pengine alinisikia navyovuta maneno ya Kiingereza, akanitazama vizuri, buibui, macho mekundu. "Unatoka wapi?"

"Zanzibar."

"Mimi Nakuru. Nilikuja huku na wazazi, mdogo." Akaniuliza tena, sasa kwa Kiswahili cha Kenya, polepole, kama anayenipa nafasi ya pili. "Mama, hii begi ni wewe ulifunga?"

Nafasi ile niliiona, wallahi niliiona. Nikasema, "Nimefiwa na mama yangu. Wamenifungia watu."

"Pole sana, mama," akasema. Akavuta pumzi, akavaa glavu mpya.

Akaanza kutoa kimoja kimoja, na mie ndiyo kwanza naona nimebebeshwa nini. Kanga mpya mbili zilizokunjwa pamoja. Soksi nene, maana kwenye ndege kuna baridi. Tasbihi. Dawa za presha za babake sijui nani, na jina limeandikwa juu, kwa sababu hakuna safari ya kwetu isiyopachikwa mzigo wa mtu, hata ya msiba. Mkate wa kumimina umeviringishwa kwenye karatasi ya fedha, ungali na uvuguvugu, mtu kaupika asubuhi ile ile wakati wengine wanasoma. Nilipouona mkate ule nilianza kulia, pale mbele za watu wanaokusanya mikanda yao na kompyuta zao. Walinipenda, jamani. Kila kilichotoka mle ndani kilikuwa ni mtu kunipenda.

Chini kabisa, ndani ya kanga, kilikuwemo kifurushi cha plastiki kimefungwa fundo. Balwinder akakiinua. Unga mweupe, laini, kiasi cha kujaza viganja viwili.

"Mama, hii ni nini?"

Sikujua. Nikasema sijui, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akalegeza fundo, harufu ikanifikia, hapo nikajua. Ilikuwa kafuri ya kutia kwenye maji ya mwisho ya maiti, imetwangwa ikachekechwa. Siham alikagua kila chenye kumwagika, na kafuri si maji.

Nikamweleza Balwinder. Nikamweleza na bosi wake, msichana mdogo mwenye nywele kazibana nyuma, aliyekuja na kitambaa cha kupimia madawa ya kulevya. Nilimwambia unga huu ni wa kuogeshea wafu. Nadhani ningemwambia kitu kingine chochote kingekuwa afadhali. Akauliza nani alinipa. Nikasema sijui. Kwa hiyo sikulifunga begi, sijui kilichomo, na sijui aliyekitia. Balwinder akamnong'oneza neno, akamwonesha macho yangu, akamwonesha saa ya ndege yangu kwenye karatasi. Yule msichana alitikisa kichwa, si kwa ubaya, akasema lazima aite polisi. Mie ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na sikumpenda hata kidogo.

Nilikalishwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Niliwaomba, nikawaambia unga uchukueni wote, muutupe, niacheni niende na mikono mitupu. Polisi wawili walikuja, wakaondoka na kifurushi, wakarudi. Wakasema ni kafuri. Wakasema pole kwa msiba wako. Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa.

Balwinder ndiye aliyenisindikiza kwenda kuuliza ndege nyingine. Iliyokuwepo ingefika kesho jioni. Akasema na yeye hakuwahi maziko ya babake, aliyerudi Nakuru akafia huko, kisha akaitwa kazini akaenda.

Nikampigia Munir.

"Tusubiri?" akauliza. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, nikajua nyumba imejaa. "Dada, sema wewe. Ukisema tusubiri, nitapigana na Ami."

Nilitamani kusema subirini. Nilitamani hivyo mpaka meno yaliniuma. Lakini kazi yangu imenifundisha mwili unakuwaje ukikawizwa, na nilimuona mama yangu anatolewa kwenye baridi, anarudishwa, anatolewa, watu wananong'ona mlangoni, kwa ajili yangu mie.

"Mkosheni," nikasema. "Mzikeni kesho. Msimsumbue."

Munir akalia kama mtoto, nami nikamwambia anyamaze, kwa ukali, kwa sababu nisingemwambia kwa ukali tungelia wote wawili mpaka kesho.

Kutoka uwanjani mpaka Woolwich nilikuwa natunga maneno. Nilijua nani aliyetia. Nani mwengine huku kwetu mwenye kafuri ya Makka, aliyoitunza kabatini kwa siku yake mwenyewe? Niliyapanga maneno yangu vizuri, mabaya yote. Kwamba uzee si ruhusa ya kuingiza mkono kwenye begi la mtu. Kwamba amenikosesha mama yangu. Nilipokuwa napanda ngazi nilikuwa nimeshayakariri.

Mlango akafungua Bi Mardhiya mwenyewe. Wengine walikwishaondoka, yeye kabaki kuilinda nyumba, kajifunga kanga kiunoni, anakosha masufuria yangu. Aliponiona na begi alishika kizingiti.

"Imekuwaje, mwanangu?" Akanitazama, akatazama begi, akanitazama tena. Sauti yake ikawa ndogo. "Nilitia kafuri yangu humo, sikukwambia. Nilitaka mama yako aondoke nayo, maana wangu sikuwahi kumpa kitu. Imekuletea tabu?"

Yale maneno yote niliyotoka nayo uwanjani yalikuwa tayari ulimini.

"Hapana, Bi Mardhiya," nikasema. "Treni ilikwama njiani. Nimefika mlango umefungwa."

Uongo ule ulinitoka mwepesi, mimi ambaye mchana nilishindwa kusema neno moja la kuniokoa. Akaniamini, au aliamua kuniamini. Alinivua buibui, akanikalisha, akanilisha ule mkate kwa mkono wake.

Alilala kwangu. Asubuhi simu ililia, na alikuwa Haifa, mke wa Munir.

"Wifi, tunaanza. Nimeiweka simu dirishani, hutaona, utasikia tu. Ndivyo nilivyoweza."

"Maji ya wapi hayo?"

"Ya bomba."

"Ya baridi?"

"Ndiyo, wifi. Yamo ndooni."

"Mama hawezi maji ya baridi, Haifa. Kifua chake. Yatieni moto."

Nilisikia wanawake wakizungumza. Kwa nje nilimsikia Ami Abdulwakil akiuliza kulikoni, jua hilo, watu wamejaa. Kisha Haifa akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Waambieni wangoje. Washeni jiko." Wakangoja. Kule chumbani na huku kwangu sote tukangoja maji yapate moto.

"Tayari, wifi. Yana uvuguvugu."

"Umeyatia mkono?"

"Nimeyatia."

"Basi anza upande wa kulia. Polepole, usimwagie usoni."

Nikasikia maji. Yalimwagwa, yakakatika, yakamwagwa tena, na mtu akawa anasema bismillahi kila mara. Bi Mardhiya alikuwa amenishika mikono yote miwili, na mikono yangu ilikuwa mikavu.