Mtu wa Kumwambia

Kopo la rangi lilipofunguliwa, yule fundi mgane akaketi sakafuni. Hakuanguka. Aliketi polepole, mgongo ukutani na mikono magotini, macho yamezama ndani ya kopo. Ilikuwa kijani hafifu, kama jani changa ambalo jua halijalizoea. Mwenye nyumba aliichagua bila kujua kwamba rangi hiyohiyo ilikuwa kwenye chumba ambacho fundi wake alikuwa akilala peke yake tangu mkewe afariki.

"Ni ile aliyoichagua dada yako," alisema.

"Naiona, shemeji," alijibu mwenzake kutoka juu ya ngazi.

Huyu wa juu ya ngazi, waliokuwa wakifanya naye kazi walimwita Kwaya, kwa sababu Jumapili aliimba kanisani. Marehemu alikuwa dada yake, wa tumbo moja. Basi wanaume hawa wawili waliobaki walipaka nyumba za watu mchana kutwa, kila mmoja na kilio chake, wakizungumza juu ya msasa, ngazi na nyufa za lipu. Jioni waliagana wamechoka, na kuchoka kwenyewe si kwa mabega tu.

Kwaya alikuwa na imani, ila hakuwa na ulimi wa kuisema. Kanisani walipohimizwa kuwashirikisha wengine habari za Mungu, yeye alikagua kamba za viatu vyake. Mara moja alijikaza. Alishuka ngazi, akakohoa, akasema, "Shemeji, unajua Mungu…" Mgane akainua uso, na uso ule ulikuwa umefungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Kwaya akanyoosha mkono. "…hebu nipe huo msasa."

Alijua uso ule ulifungwa lini. Makaburini mhubiri mmoja alimshika shemeji yake bega, akamwambia mbele za watu kwamba mwenye imani halii, maana Mungu amechukua kilicho chake. Mgane akafuta machozi kwa utii. Tangu hapo, mtu akianza tu kutaja Mungu, yeye alikumbuka shughuli nje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa alikuwa amekaa, na kazi ilikuwa inasubiri. Kwaya alishuka, akachovya rola, akaanza ukuta wa mbali peke yake. Mkono ulimuuma. Alikuwa amepaka karibu nusu ya ukuta aliposikia sauti nyuma yake.

"Shemeji, hivi wewe bado unasali?"

Maneno yote mazuri aliyowahi kuyasikia yalimjia kwa mkupuo, yamepigwa pasi, tayari kuvaliwa. Akayaona yote hayamtoshi. Alikuwa amechoka mno kuazima ya watu.

"Nasali," alisema bila kugeuka. "Lakini si kama zamani. Siku hizi namwambia nimekasirika."

"Unamwambia Mungu?"

"Nimwambie nani mwingine? Wewe mwenyewe una machungu yako."

Mgane alitoa pumzi iliyokaribia kicheko. "Na anakujibu?"

Rola ilisimama. Kwaya alihisi shingo ikipata moto, ile haya yake ya siku zote, lakini safari hii hakuomba msasa.

"Sijui, shemeji. Siku nyingi sisikii kitu. Ila nikishamaliza kulalamika, naona kama sikuwa peke yangu. Kama mtu alikuja matangani akakosa la kusema, akakaa tu na mimi. Hakuniambia nisilie. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo."

Rangi ilichuruzika ukutani, hakuna aliyeifuta.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Niliona haya. Nilihofu nitafanana na yule wa makaburini."

"Hufanani naye," alisema mgane. "Yule alikuwa na sauti nzuri."

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliosahau njia yake. Kisha uso wa mgane ukakunjamana, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Na mimi nimekasirika," alisema. "Nimekasirika sana."

"Mwambie."

"Naanzaje? Mimi na yeye hatujasemezana tangu siku ile makaburini."

"Anza popote. Hata kwa ugomvi."

Viatu vilisikika ukumbini. Mwenye nyumba alikuwa anakuja, akiuliza kwa furaha kama kile kijani kimependeza. Kwaya aliweka rola chini, akamuwahi mlangoni, akasimama katikati ya fremu na mikono yake iliyochafuka.

"Tusubiri kidogo, bosi," alisema taratibu. "Bado mbichi."

Nyuma yake, ndani ya chumba kitupu, sauti ya chini iliyokwaruza ilianza kusema, ikakatika, ikaanza tena.